Koltani barabarani: mzigo wa Daraja la 7 kutoka Kigali hadi Dar es Salaam, siku kwa siku

Kontena la futi 20. Mapipa 40 ya chuma, kila pipa kilo 500 za tantalaiti iliyochenjuliwa, yaani koltani, madini yanayotoa metali ya tantalamu, jumla tani 20. Hivyo ndivyo koltani ya Rwanda inavyoweza kusafiri kuelekea Bahari ya Hindi: Kigali, mpaka wa Rusumo, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro, bandari ya Dar es Salaam, mwendo wa karibu kilomita 1,500. Mzigo tunaoufuata hapa, wa Daraja la 7, yaani vitu vyenye mionzi, ni wa mfano na vipimo vyake ni vya mfano. Mipaka ya kisheria ndiyo halisi: ni ya kanuni za usafirishaji salama wa vitu vyenye mionzi za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA), SSR-6, toleo la 2018, ambazo nchi nyingi hujengea sheria zao.

Tantalamu yenyewe haina lawama. Mionzi inatoka kwenye urani na thoriamu zilizojificha ndani ya fuwele za madini hayo, na kiasi chake hubadilika kutoka shimo moja hadi jingine, hata ndani ya kilima kimoja.

Kabla ya kuondoka: maabara na vibali

Safari huanza mwezi mzima kabla injini haijawashwa. Swali la kwanza ni hili: je, mzigo unazidi 10 Bq kwa gramu (Bq, bekereli, ni atomi moja kupasuka kwa sekunde)? Kanuni zinaweka kikomo cha msamaha cha 1 Bq/g kwa urani asilia na 1 Bq/g kwa thoriamu asilia, kisha zinaruhusu mawe na madini ya asili yafike mara kumi ya hapo kabla ya kuhesabiwa kuwa mzigo wa mionzi. Kwa madini ambayo urani na vizazi vyake bado viko pamoja kwa uwiano wa asili, unajumlisha wazazi wawili tu, urani-238 na thoriamu-232. Jumla isipozidi 10, ni madini kama madini mengine. Ikizidi, ni Daraja la 7.

Mara hiyo kumi haikuwekwa kwa upendeleo. Bila hiyo, malori ya mbolea ya fosfeti yangebandikwa alama za mionzi kila siku. Tafiti zilizochapishwa juu ya fosfeti ya Minjingu, kusini mwa Arusha, zimekuta radiamu-226 kati ya 5 na 6 Bq/g. Ni juu ya mchanga wa kawaida kwa mbali sana, lakini bado chini ya mstari.

Cheti cha madini huonyesha urani kama U₃O₈ na thoriamu kama ThO₂, kwa asilimia. Kuna njia ya mkato inayofaa kuandikwa ukutani mwa kila ghala: asilimia ya U₃O₈ zidisha kwa 105, asilimia ya ThO₂ zidisha kwa 36, jumlisha, umepata Bq/g. Mzigo wetu una U₃O₈ asilimia 0.25 na ThO₂ asilimia 0.05. Hiyo ni 26.2 jumlisha 1.8, yaani 28 Bq/g. Ona jinsi kiasi kidogo kinavyotosha: U₃O₈ ya asilimia 0.1 peke yake inavuka mstari. Mfanyabiashara anayesema "urani yangu ni chini ya asilimia moja, sina tatizo" hajapiga hesabu.

Sampuli ndiyo inayoharibu hesabu nyingi. Ndani ya gunia chembe nzito huzama, na chembe zenye urani hazijasambaa sawasawa. Ukichota kiganja kimoja juu ya pipa moja unapima bahati. Chota kutoka kila pipa kwa bomba la sampuli, juu hadi chini, changanya, gawanya kwa kigawanyio hadi ubaki na kilo moja au mbili, kisha saga. Bunduki ya eksirei ya mkononi inafaa kutenga mapipa yanayotia shaka, haifai kuandikia cheti. Maabara inayopima kwa spektrometa ya gama huiziba sampuli kwenye kopo lisilopitisha hewa na kuisubirisha wiki tatu hadi nne. Inangoja gesi ya radoni-222, yenye nusu-maisha ya siku 3.8, ilingane tena na radiamu iliyoizaa. Anayekuletea majibu ya gama siku ya pili, muulize kopo alilifunga lini.

Hapa kuna mtego ambao watu wa koltani hawaujui sana kwa sababu haujawapata. Koltani hutenganishwa kwa maji, sumaku na uzito, kwa hiyo familia ya urani hubaki pamoja na kipima gama huiona vizuri. Madini yaliyopitia tindikali ni habari nyingine. Novemba 2018 kampuni ya Katanga Mining, tanzu ya Glencore, ilitangaza kusitisha kwa muda uuzaji wa kobalti ya mgodi wa Kamoto, Kolwezi, kwa kuwa urani iliyomo ilizidi kikomo kinachokubalika kupita katika bandari kuu za Afrika. Katika uchenjuaji wa aina hiyo urani huyeyuka na kwenda na kobalti, ilhali radiamu hubaki kwenye mabaki. Gama kali za familia hii hutoka kwa wajukuu wa radiamu. Radiamu ikiondoka, kipima cha mkononi kinanong'ona tu huku urani imejaa gunia. Kwa mzigo kama huo, kipimo cha getini hakiwezi kuchukua nafasi ya maabara.

Wengine huchanganya koltani kali na hafifu ili jumla ishuke chini ya 10. Mchanganyiko uliofanyika kweli, ukachanganywa sawasawa na kupimwa upya, unaonekana kwenye kila pipa. Mchanganyiko wa makaratasi, pipa 20 kali na pipa 20 hafifu kisha wastani ukaandikwa kwenye cheti, ni udanganyifu, na pipa la kwanza kufunguliwa litausema.

Vibali vinafuata. Upande wa Rwanda, RURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma, ndiyo mdhibiti wa mionzi na Bodi ya Madini, RMB, ndiyo ya kibali cha kuuza madini nje. Cheti cha asili ya madini cha ICGLR, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, lazima kiambatane. Upande wa Tanzania, mdhibiti ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), iliyoundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003, na kibali chake cha kupitisha mzigo huombwa kabla lori halijafika mpakani. Lakini kibali kigumu kuliko vyote hakitoki serikalini. Ni barua ya kampuni ya meli inayokubali Daraja la 7. Meli nyingi hukataa, au hukubali lakini bandari moja njiani haitaki hata kuipitisha. Usipakie pipa hata moja kabla ya kuwa na nafasi ya meli iliyothibitishwa kwa maandishi, ikitaja namba UN 2912, namba ya Umoja wa Mataifa ya mzigo wa aina hii, na kila bandari itakayoguswa.

Siku ya 1, Kigali: kupakia

Kikanuni mzigo huu ni LSA-I, kundi la chini kabisa la vitu vyenye mionzi hafifu kwa gramu, na kifungashio chake ni cha aina IP-1. Pipa la chuma la lita 200 lililo zima linatosha. Kilo 500 za tantalaiti hazilijazi: kwa uzito wa takriban kilo 3.5 kwa lita, zinafika kama lita 143, theluthi mbili na ushee. Kishawishi cha kujaza hadi juu kimepasua matako ya mapipa mengi. Pipa lina kikomo chake cha uzito, kimegongwa kwenye chuma, kisome kabla.

Ndani kunakaa mfuko mzito wa nailoni, mdomo wake umesokotwa na kufungwa. Kisha kifuniko chenye mpira wake, kisha pete. Pete ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Mpakiaji mwenye haraka hukaza bolti mpaka ikatae, akaondoka. Chuma cha pete kimeshika upande wa bolti tu. Upande wa nyuma kimekaa juu juu. Mtikisiko wa kilomita mia mbili unatosha kukishusha, pete inalegea, kifuniko kinainuka milimita chache na vumbi linaanza kutoka. Namna sahihi ni kukaza kidogo, kugonga pete kwa nyundo ya mpira mzingo mzima, kukaza tena, kugonga tena, mpaka bolti isisogee ukigonga. Kisha nati ya pili ya kufunga ya kwanza. Dakika mbili kwa pipa.

Wanaojaza huvaa barakoa ya chembechembe, glavu na ovaroli inayobaki ghalani. Hatari kubwa ya koltani iko kwenye vumbi linalovutwa, maana chembe za alfa zisizoweza kupenya ngozi hufanya kazi yake zikishaingia mapafuni. Fagio kavu limepigwa marufuku. Tumia kitambaa chenye maji au mashine ya kunyonya yenye chujio.

Pipa likifungwa, linafutwa na kupimwa. Kwa uchafuzi, sugua karatasi ya kufutia juu ya sentimita 300 za mraba, upime karatasi. Tuseme kipima alfa kinatoa mapigo 0.2 kwa sekunde baada ya kutoa ya mazingira, ufanisi wake ni 0.25, na tunachukulia kuwa karatasi imebeba sehemu moja ya kumi ya uchafu. Gawanya 0.2 kwa (0.25 × 0.1 × 300): 0.027 Bq kwa sentimita ya mraba. Kikomo kwa alfa za madini ya asili ni 4. Pipa ni safi.

Kwa kasi ya dozi, pipa letu linaonyesha 9 µSv/h (mikrosiveti kwa saa; elfu moja zake ni mSv moja) likiguswa na 0.8 µSv/h kwa umbali wa mita moja, mazingira yakiwa yametolewa. Fahirisi ya usafirishaji, TI, ni namba ya mita moja kwa mSv/h mara 100: 0.08, inapandishwa kuwa 0.1. Lebo nyeupe, ya I, inataka uso usiozidi 5 µSv/h na TI sifuri. Letu limepita, kwa hiyo linabandikwa lebo ya njano ya II, pande mbili zinazotazamana. Juu ya lebo panaandikwa LSA-I, kiasi cha mionzi (14 MBq, yaani Bq milioni 14, kwa pipa, wazazi tu) na TI 0.1. Pembeni mwa lebo zinaandikwa kwa rangi isiyofutika namba UN 2912 na jina rasmi la mzigo, alama ya aina IP-1, mtuma mzigo au mpokeaji, na uzito wa jumla kwa kuwa unazidi kilo 50.

Mapipa 40 yanaenea sakafu nzima ya kontena kwa tabaka moja, safu kumi za manne, karibu bila nafasi. Upenyo unaobaki mlangoni unazibwa kwa mbao zilizopigwa vizuri. Bila hizo safu ya mwisho itaegemea mlango na atakayefungua Dar ataangukiwa na nusu tani.

TI ya kontena inaweza kupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujumlisha mapipa: 40 mara 0.1 ni 4.0, na kontena linaingia njano ya III. Ya pili inaruhusiwa mzigo ukiwa wa mtuma mmoja: unapima kontena lenyewe. Mita moja kutoka ubavuni kipima kinasoma 3 µSv/h, sawa na 0.3. Kwa kuwa eneo la mzigo ni kama mita za mraba 13.6, kanuni inazidisha kwa 3, inakuwa 0.9, njano ya II. Zote mbili ni halali. Ya pili ni ya kweli zaidi, kwani mapipa ya katikati hukingwa na ya pembeni. Chagua moja, uitumie kwenye kila karatasi. Hati ikisema 4.0 na lebo ikisema 0.9, lori litalala mpakani.

Kontena linapata mabango ya Daraja la 7 pande zote nne, yasiyopungua milimita 250 kila upande, yakiwa na tarakimu 2912 zenye kimo cha milimita 65 au zaidi. Karatasi ya kawaida iliyolaminishwa haifiki Singida ikiwa nzima. Jua na mvua huila. Nunua ya vinili.

Siku ya 2, Kigali hadi Rusumo

Kabla ya kuondoka, kipima kinaingia kwenye kabini. Kiti cha dereva: 1 µSv/h juu ya mazingira. Ukichukua saa 40 za uendeshaji hadi bandarini, dozi ni 40 µSv kwa safari. Akifanya safari 20 kwa mwaka na mizigo ya namna hii ni 0.8 mSv, chini ya 1 mSv ambayo ndiyo kikomo cha mwananchi wa kawaida. Akifanya 30 ni 1.2, na hapo kanuni zinataka mpango wa kufuatilia dozi, wa sehemu ya kazi au wa mtu mwenyewe. Msafirishaji mwenye madereva wawili wazoefu wa mzigo huu na ishirini wasiougusa kamwe anaweza kulimaliza jambo kwa ratiba tu.

Kabini haina abiria. Gari lenye mzigo wa lebo ya njano halibebi mtu zaidi ya dereva na wasaidizi wake. Lifti, ndugu, askari anayeomba kusogezwa mbele: hapana.

Bahasha ya hati inakaa mlangoni mwa dereva, si nyuma ya kitanda. Ndani: hati ya usafirishaji yenye UN 2912, jumla ya mionzi 0.56 GBq, kundi la lebo na TI; cheti cha maabara; vibali vya RURA na TAEC; cheti cha ICGLR; karatasi za forodha; na maelekezo ya dharura. Hayo ya mwisho yaandikwe kwa Kiswahili, maana atakayeyasoma ajalini ni dereva, polisi wa kata au mwenyekiti wa kijiji.

Rusumo, juu ya mto Kagera, maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi chini ya paa moja tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa 2016. Mkaguzi hupima kontena, akalinganisha na hati, akasoma lakiri. Yanayokwamisha hapa ni ya karani, si ya mionzi: tarakimu moja ya lakiri imekosewa, mapipa 40 kwenye hati na 39 kwenye orodha, au mtu amesoma µ kama m. Tatu za mikro zikiandikwa kuwa tatu za mili zinageuka kuwa mara elfu, na afisa anayezuia lori kwa namba hiyo yuko sahihi kabisa.

Siku ya 3, Rusumo hadi Kahama

Benaco, Nyakahura, Lusahunga, Nyakanazi. Kituo cha kwanza kiwe mapema, ndani ya kilomita hamsini, kwa ajili ya kufuli za kona za kontena na matairi; chuma kipya kufungwa hulegea mwanzo wa safari. Kwenye mizani ya Nyakahura uzito hausumbui. Tani 20 za madini, mapipa, kontena na gari lenyewe hukaribia tani 40, na kikomo cha juu cha Afrika Mashariki kwa malori makubwa ni tani 56. Kinachoangaliwa ni ekseli moja moja, na kwa kuwa mapipa yameenea sakafu nzima, nazo hukaa sawa.

Kahama ni mahali pa kulala, na ni mahali pa kosa la kawaida kuliko yote. Jua likiwa kali, tanboi hutandika mkeka chini ya tela, kwenye kivuli, na usiku hulala hapohapo. Chini ya sakafu ya kontena hili kipima kinasoma kama 5 µSv/h. Saa nane za usingizi ni 40 µSv, sawa na dozi nzima ya dereva kutoka Kigali hadi bandarini. Jiko la mkaa nalo lisiegeshwe ubavuni. Lori lisimame pembeni mwa yadi, mlango wa kontena ukitazama ukuta au tela lingine lisilo na watu, na watu walale kabini au nyumba ya wageni. Mita kumi tu zinabadilisha kila kitu.

Siku ya 4, Kahama hadi Singida

Isaka, Nzega, Igunga, Shelui, kisha mteremko wa Sekenke. Barabara ni nzuri kuliko zamani, lakini hapa ndipo breki hupimwa, na ndipo pa kueleza lori likianguka.

Mtu aliyeumia anaokolewa kwanza. Hakuna kiasi cha koltani barabarani kinachohalalisha kumwacha majeruhi akivuja damu kwa kuogopa alama ya mionzi. 28 Bq/g hazimdhuru mwokoaji kwa saa moja wala mbili. Hili lazima lisemwe wazi kwa polisi na wanavijiji kabla ya ajali, kwa sababu bango la mionzi huwatia watu woga usiolingana na mzigo.

Kisha watu wasogezwe mita 25 pande zote, wakae upande upepo unakotoka. Moto unapigwa kama moto wa kawaida wa lori. Zimamoto ni 114, polisi 112. Maji yatumike kwa ukungu, si kwa mkondo unaosukuma madini mtaroni. Hakuna kula, kunywa wala kuvuta sigara karibu na kilichomwagika. Funika kwa turubai, au nyunyizia maji kidogo vumbi lisipae. TAEC wapigiwe kwa namba iliyo kwenye maelekezo ya dharura, wapewe namba UN, idadi ya mapipa yaliyopasuka na mahali kamili. Kilichomwagika huzolewa kwa koleo kwenye mapipa mapya, pamoja na sentimita chache za udongo, mpaka kipima kirudi karibu na usomaji wa mazingira. Tantalaiti ni nyeusi na nzito. Kwenye udongo mwekundu huonekana kwa macho, na hilo husaidia sana.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni watu kuichukua. Koltani ina thamani, na lori lililopasuka kando ya kijiji huokotwa kwa ndoo. Ndoo hiyo huishia chini ya kitanda, ndani ya nyumba yenye watoto, miezi mingi ikingoja mnunuzi. Kwa hiyo ulinzi wa eneo uanze dakika ya kwanza, na mapipa yahesabiwe yote 40.

Siku ya 5, Singida hadi Morogoro

Mizani ya Njuki, Manyoni, Dodoma na mizani ya Nala, Gairo. Siku ndefu isiyo na mengi. Mabango yaangaliwe asubuhi na yafutwe vumbi, lakiri isomwe na kuandikwa, kifaa cha forodha cha kufuatilia mzigo kiangaliwe kama kinatoa mawasiliano.

Siku ya 6, Morogoro hadi Dar es Salaam

Chalinze, Vigwaza, Mlandizi, Kibaha. Kuanzia hapa foleni ndiyo inayoongeza dozi: saa tano za kusimama ni saa tano za kiti kilekile. Wenye lori huomba zamu ya kuingia bandarini kabla, lisubiri Chalinze badala ya kusubiri getini katikati ya wauza mihogo na mama ntilie. Kwa mujibu wa kanuni, lori lenyewe linaruhusiwa hadi 2 mSv/h usoni na 0.1 mSv/h kwa mita mbili. Letu liko chini ya hapo mara nyingi sana. Bado, umati usiolazimika kuwa karibu na mzigo usiwekwe karibu nao.

Siku ya 7 na kuendelea, bandarini

Kanuni za baharini, IMDG, zinachukua nafasi. Tamko la mzigo wa hatari lazima lifanane neno kwa neno na hati ya barabarani, liongezwe ratiba za dharura za melini F-I na S-S, na uzito uliothibitishwa wa kontena, unaodaiwa chini ya SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, tangu Julai 2016. Kontena huwekwa eneo la mizigo ya hatari, mbali na ofisi na chakula. Likihitaji kufunguliwa kwa ukaguzi, milango iachwe wazi kama nusu saa kabla ya mtu kuingia, radoni iliyojikusanya itoke.

Hapa ndipo makosa ya Kigali yanapolipiwa. Meli imebadili ratiba, sasa itapitia bandari isiyokubali Daraja la 7, na nafasi imefutwa. Kontena halali linakaa yadini wiki kadhaa, gharama zinapanda kila siku. Ndipo mtu mwenye mkoba huja na ushauri wa kubandua mabango na kuandika "madini mchanganyiko". Asisikilizwe. Bandari nyingi za mbele zina milango ya kugundua mionzi inayolia hata kwa vigae na mbolea. Tani 20 za 28 Bq/g hazitapita kimya. Lakini zaidi ya kukamatwa, mzigo uliovuliwa jina unawanyima mabaharia, wapakuaji na wazimamoto wa nchi nyingine kitu pekee kinachowalinda, yaani kujua kilichomo. Dawa ya kweli ni kuwa na njia ya pili ya meli iliyokubaliwa tangu mwanzo, na TAEC na RURA kuarifiwa kwa maandishi siku ileile ratiba ilipobadilika, ili vibali visikwishe muda kontena likiwa limesimama.

Kontena likishapanda meli, lori nalo lina lake. Tela linafutwa kwa karatasi na kupimwa kama yalivyopimwa mapipa: chini ya 4 Bq kwa sentimita ya mraba kwa uchafu unaofutika, na uso usizidi 5 µSv/h kwa uliogandamana. Likivuka hapo halibebi kitu kingine mpaka lisafishwe. Likiwa safi, matokeo yanaandikwa, yanasainiwa, nakala inabaki kabini. Kama mabango yalibandikwa pia kwenye lori, yanang'olewa hapohapo, kwa sababu lori linalorudi Kigali na mchele huku likiwa na alama ya mionzi litasimamishwa kila kizuizi kuanzia Kibaha, na mpokeaji wa mchele atakuwa na haki ya kuukataa.

Barua ya mwisho hutoka kwa mpokeaji ng'ambo: uzito wa kila pipa, hali ya pete na vifuniko, na Bq/g aliyopima yeye. Ikitofautiana sana na ile 28 ya maabara, mzigo unaofuata haupakiwi mpaka sampuli zilizohifadhiwa Kigali zimefunguliwa na kupimwa upya.